Aliyepunguza Nguvu za Gari

Buzebazeba, Kigoma
19 Januari 2025

Mdogo wangu Dismasi,

Mwakeye. Huku hatujambo. Rozalia na watoto wanakusalimu. Mdogo wetu Winfrida ameshafungua shule, na kila asubuhi nampeleka Simbo kufundisha na hili gari ulilonipa. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu huwa unanimaliza. Nikiuliza jambo la ufundi unacheka kwanza, halafu unasema, "Kaka, hayo niachie mimi." Sasa nataka uandike, nikae nisome mwenyewe. Barua nampa dereva wa basi, nawe ukijibu mpe huyo huyo.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe ishirini na sita Desemba, tulipokuwa tunamrudisha mama Kalinzi, mimi nilitangulia na pikapu hii, wewe ukiwa nyuma na gari lako la familia. Tulipoanza kupanda baada ya Mwandiga ukanipita kama nimesimama. Mimi nilikuwa na Winfrida na kreti mbili za soda. Wewe ulikuwa na watu saba. Mama alikaa kwako, kiti cha mbele, akanipungia mkono. Nilikanyaga mafuta mpaka chini, gari likanguruma tu.

Nilipofika nilimkuta ameshakaa kibarazani anawaambia majirani, "Mwanangu wa Dar amenileta kama upepo." Mimi ninayempandia kila Jumamosi na sukari na dawa za presha sina jina. Mimi ni "huyu wa hapa".

Septemba ulipolileta gari ulisema mbele ya watu wote, "Kaka, injini hii ndiyo ile ile niliyo nayo mimi. Lita tatu, dizeli, turbo." Asubuhi ya Krismasi ulipokuwa umelala nilifungua boneti yako nikalinganisha. Kweli ni ile ile. Sasa niambie, injini ikiwa moja, mbona kwako ina nguvu na kwangu haina? Au ulichagua nzima ukaibakiza kwako, iliyochoka ukamletea kaka?

Aliyekufundisha kushika usukani ni mimi. Nakukumbusha tu.

Kaka yako,
Anatoli


Tabata, Dar es Salaam
2 Februari 2025

Kaka Anatoli,

Shikamoo. Barua nimeipata, dereva alinipigia nikaifuata kituoni. Nimeisoma mara mbili, na sikucheka.

Injini yako haijachoka, niliikagua mwenyewe. Ila kuwa na injini moja hakuyafanyi magari kuwa na nguvu moja. Nitakueleza taratibu.

Turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha ya kwanza, nayo ya pili inasukuma hewa kuingia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi inaweza kuungua, na hapo ndipo nguvu inapotoka. Lakini hewa ikisukumwa sana inapata moto, na hewa ya moto ni nyepesi, haijazi. Ndiyo maana kuna intakula, ile rejeta ndogo ya kupooza hewa kabla haijaingia. Kwangu ni kubwa, imekaa mbele inapigwa na upepo. Kwako ni ndogo, imelala juu ya injini penye joto.

Halafu kuna kompyuta. Yenyewe ndiyo inayoamua turbo isukume hewa kiasi gani na dizeli inyunyizwe kiasi gani. Kiwandani wanaipanga kufuata kazi ya gari. Pikapu wanajua itabeba tani nzima, itajazwa mafuta yasiyo safi, na fundi atakuwa mbali. Wanaibana ili idumu, na gia boksi yake isipasuke. Gari la familia wanaliachia, kwa sababu anayelinunua analipa zaidi na anataka kuwapita wengine. Kwa hiyo kwangu ni nguvu za farasi mia na sitini hivi, kwako ni mia na thelathini. Si kwamba nilikuchagulia baya. Nilikuchagulia la kazi.

Mama akisema "wa Dar" ni kwa sababu hanioni. Wewe anakuona kila Jumamosi. Sijui kwa nini hilo unalihesabu kama hasara.

Msalimie Winfrida. Mwambie ile simu ya Jumapili sikuisikia, nilikuwa chini ya gari.

Mdogo wako,
Dismasi


Buzebazeba
16 Februari 2025

Dismasi,

Umeandika vizuri, kama mwalimu. Nilimsomea Rozalia, akasema, "Basi, umeelewa, tulia." Nikatulia siku nne.

Siku ya tano nilikwenda Kibirizi kuchukua mzigo wa dagaa, nikamkuta Nassib, yule mfanyabiashara wa Ujiji. Ana pikapu kama yangu. Sisemi inayofanana, nasema kama yangu: mwaka ule ule, injini ile ile, na intakula ile ile ndogo iliyolala juu ya injini. Tukafungua boneti zote mbili, watu wakajaa kutazama. Hakuna kilichopungua.

Nikamwambia, "Twende Kalinzi, wewe magunia kumi na mimi kumi." Mlimani akaniacha, Dismasi. Akawa ananisubiri kwenye kona, anashuka, ananunua ndizi za kuchoma, ananiona natokea, anaondoka tena. Nilipofika juu alinipa pole kama mgonjwa.

Gari la Nassib si la familia. Halikupangwa kwa wanaolipa zaidi. Ni la kazi kama langu. Sasa nieleze hilo, maana karatasi yako niliisoma yote na Nassib simuoni humo.

Na jambo lingine. Hiyo simu ya Jumapili ni ya nini? Kila Jumapili Winfrida anatoka nje kuongea nawe, namsikia anacheka. Anakaa kwangu, anakula kwangu, lakini mazungumzo yake ni yenu. Mimi ananiambia "nimechoka, kaka".

Anatoli


Tabata
24 Februari 2025

Kaka Anatoli,

Shikamoo. Gari la Nassib sijaliona, siwezi kulisemea. Badilisha filta ya hewa na ya dizeli. Kagua mpira unaotoka kwenye turbo, ukipasuka kidogo tu hewa inavuja na nguvu inapotea. Angalia pia dizeli unanunua wapi.

Nakuomba sana, usimruhusu fundi yeyote wa huko aguse kompyuta. Subiri nije Juni, nitaiangalia mwenyewe.

Winfrida huwa ananisimulia vituko vya watoto wa darasa la pili. Ndicho kinachomchekesha.

Dismasi


Ujiji
4 Machi 2025

Dismasi,

Naandikia hapa hapa gereji kwa Pastory, juu ya boneti, kabla hasira haijanitoka.

Nilibadilisha filta. Mpira ni mzima. Dizeli nanunua anaponunua Nassib. Nikabaki na moja tu, lile uliloniomba sana nisilifanye.

Pastory ana kompyuta ya mkononi na waya wake. Akachomeka kwenye gari la Nassib, akasoma. Akachomeka kwenye langu, akasoma mara mbili. Halafu akauliza, "Mzee, nani alilibana gari lako?" Nikamwambia limebanwa kiwandani, ni la kazi. Akasema, "Hapana. La kiwandani ni hili la Nassib. Lako mtu ameingia baadaye akashusha. Turbo imezuiwa, dizeli imepunguzwa. Hapa huna hata farasi mia."

Nassib alikuwa amesimama pale. Nilitamani ardhi inimeze.

Kumbe ulinipa gari ukiwa umeshalifunga kamba. Hukutaka kaka mkubwa awe na gari linalokaribia lako. Ukanipita mlimani mbele ya mama huku ukijua kwa nini nashindwa, halafu ukaniandikia kurasa mbili za intakula! Kumbe miaka yote hii nadhani mwenye wivu ni mimi, na mwenye wivu ni wewe.

Pastory ameliachia. Sasa linaruka. Usiniandikie tena.

Anatoli


Tabata
14 Machi 2025

Kaka Anatoli,

Shikamoo. Simu hupokei, kwa hiyo naandika. Ukitaka, chana.

Ni kweli. Nililibana mimi, kwa mkono wangu, wiki moja kabla ya kulileta. Hakuna mwingine aliyejua. Yote niliyokueleza kuhusu turbo na intakula ni ya kweli, lakini niliyaandika ili yalifunike hilo moja.

Sababu unaijua, ila hatujawahi kuitamka. Mwaka 2016 ulikuwa unashuka kutoka Kalinzi na magunia ya kahawa, Winfrida amekaa pembeni yako, ana miaka kumi na tisa. Lori la dereva mwenzako Urbanus likakupita. Hukuvumilia. Ukamfuata, ukampita, na kwenye kona gari likakushinda. Wewe ulitoka na mchubuko wa kiwiko. Yeye walimkata mguu wa kushoto chini ya goti.

Sikulibana kwa sababu ya wivu. Nililibana kwa sababu nakujua mtu akikupita.

Lakini wivu nao ninao, sitakudanganya tena. Wewe unakaa na Winfrida. Mama akiumwa, anayeitwa ni wewe. Ukipita sokoni Mwanga watu wanakuita kwa jina. Mimi huku ukiniondoa kwenye gari la mteja hakuna anayejua kama nipo. Ile siku ya mlima nilikupita makusudi. Mama alikuwa kwangu kwa saa moja tu katika mwaka mzima, nikataka aone kitu. Nikajua utakanyaga, na nikajua gari halitakwenda. Hilo nalijutia kuliko kulibana.

Dismasi


Shule ya msingi, Simbo
25 Machi 2025

Kaka Dismasi,

Shikamoo. Naandikia ofisini, watoto wako mapumziko. Simu siwezi kukupigia. Ikiita tu, Kaka Anatoli anauliza ni nani, na nikitoka nje anasema, "Nenda, nenda kaongee na mwenzako."

Barua yako aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka mfukoni. Mwendo wake barabarani nao ulishabadilika. Wiki ile ya kwanza gari lilipoachiwa alinichukua asubuhi kama kawaida. Tulipotoka Ujiji tukakuta Noah moja ya abiria mbele yetu. Nikasikia injini inabadilika sauti. Kaka, ni ile sauti. Nilitaka kusema nikashindwa, mdomo haukufunguka. Nikaanza kupiga dashibodi kwa viganja, nikapiga mpaka akasimama.

Akauliza, "Una nini?"

Nikafungua mlango, nikashuka. Nilitembea na mkongojo mpaka nikapata bodaboda. Yeye alinifuata nyuma polepole, kioo kimeshushwa, anasema, "Winfrida, panda. Winfrida, watu wanatuangalia."

Tangu hapo naenda kazini kwa bodaboda. Mguu wa bandia unanichubua nikishuka na kupanda. Jana mezani Rozalia alimwambia, "Mpeleke dada yako." Akajibu, "Ameshachagua upande. Hataki kupanda gari langu kwa sababu nimeondoa kamba ya Dismasi." Hivyo ndivyo anavyoelewa. Anadhani nakupigania wewe.

Barua yako niliikuta mfukoni nikifua shati lake, nikaisoma. Kwa nini umemwandikia kwamba hakuna mwingine aliyejua? Aliyekuomba ulibane ni mimi. Ulikataa mara mbili, mimi nikalia kwenye simu. Sasa amekukasirikia wewe kwa kosa langu, na mimi ananionea wivu kwa sababu isiyokuwepo.

Nimeomba chumba kwenye nyumba za walimu huku. Nitahama mwezi ujao.

Mdogo wako,
Winfrida


Tabata
2 Aprili 2025

Winfrida mdogo wangu,

Usimwambie. Nakuomba. Mimi niko mbali, akinikosa atazoea. Wewe akijua kwamba miaka yote hii umekaa pembeni yake unaogopa, hataweza kukutazama. Baada ya ajali alikubeba mgongoni miezi mitano, kwenda msalani na kurudi, hata mimi hakuniachia nimpokee. Anaishi kwa kuamini kwamba ulishamwamini tena.

Niachie mimi lawama hii. Naiweza.

Dismasi


Simbo
27 Aprili 2025

Kaka Anatoli,

Shikamoo. Nilipohama hukutoka chumbani kuniaga, kwa hiyo naandika.

Aliyetaka gari lipunguzwe nguvu ni mimi. Agosti Kaka Dismasi alipiga simu kusema amekupatia gari, amefurahi kama mtoto. Mimi nikamwambia kama lina nguvu sitapanda. Alikataa. Alisema ni kukudharau, wewe ni mkubwa wake. Nikalia mpaka akakubali, nikamwapisha asikuambie. Zile simu za Jumapili mara nyingi nilikuwa namuuliza, "Una hakika haliwezi kukimbia?" na yeye ananichekesha ili nitulie.

Hukuwahi kuniuliza kama naogopa. Ulinibeba, ulinijengea choo cha kukalia, ulikwenda mwenyewe hospitali ya Kabanga kufuatilia mguu wangu wa bandia. Ulifanya kila kitu, hilo moja hukuuliza. Na mimi nikaona nikikuambia, utaacha udereva, utakaa nyumbani unajitazama mikono. Nikaona bora uwe na gari dhaifu usilojua ni dhaifu.

Nilikosea. Mtu asipewe zawadi iliyopunguzwa kwa siri.

Nawe wivu wako usinipe mimi. Mimi nina wangu. Rozalia akivaa vile viatu vyake vya wazi siku ya Jumapili huwa nageuza uso.

Sikuchagua upande wa Dismasi. Nilishuka garini kwa sababu ya sauti ya injini.

Winfrida


Buzebazeba
1 Juni 2025

Mdogo wangu Dismasi,

Nimekaa na barua ya Winfrida zaidi ya mwezi. Nimekuwa nikisema nitaandika kesho.

Nilipoisoma, huruma haikuja kwanza, nakuambia ukweli. Kilichokuja kwanza ni kile kile. Kwamba nyinyi wawili mlikuwa na jambo lenu, mnaliongelea kila Jumapili nyumbani kwangu, na mimi ndiye jambo lenyewe. Nilikuonea wivu hata kwa machozi aliyokulilia wewe kwenye simu. Kwangu hajawahi kulia, hata hospitali. Nikajiuliza kwa nini. Jibu nililipata, nikalala nalo wiki mbili.

Halafu nikapanda bodaboda nikaenda Simbo. Nilimkuta nje anasahihisha madaftari.

Akaniangalia. "Gari liko wapi?"

"Nyumbani."

"Limeharibika?"

"Hapana. Nimekuja kukuuliza kama unaogopa."

Akaweka kalamu chini. Akasema, "Naogopa tangu nina miaka kumi na tisa, kaka." Akalia, Dismasi. Akalia kwangu. Nilisimama pale na kofia ya pikipiki mkononi sijui niiweke wapi.

Baadaye nikamwambia nitalirudisha kwa Pastory alibane tena kama ulivyolibana wewe. Nilidhani atashukuru. Akakataa. Akasema, "Liache hivyo. Gari ni la oto, halina klachi, linataka mguu mmoja tu, na huo ninao. Nifundishe."

Nikambishia siku nzima. Nikamwambia juu ya milima, juu ya malori, juu ya trafiki. Akanijibu, "Dismasi ulimfundisha ana miaka kumi na minne." Nikakubali.

Sasa ni wiki ya tatu, leseni ya mwanafunzi ameshapata. Kila Jumamosi tunaanzia uwanja wa shule, halafu tunatoka barabarani. Mara ya kwanza kwenye lami, akina mama wa pale sokoni Simbo walimpigia vigelegele. Utacheka: niliona wivu. Miaka ishirini naendesha gari na hakuna aliyewahi kunipigia hata kofi moja. Naona ugonjwa huu nitakufa nao, lakini sasa ukija nautambua.

Nawe nikuambie tulipofika. Kunipita mlimani nimekusamehe, maana hata mimi ningekupita. Kulibana gari nimekuelewa. Kurasa mbili za intakula bado. Ulipokuwa unaziandika ulikuwa unajua nitazisoma kwa makini nione nilichokosa, na ulizitumia kunipoteza njia. Hilo nipe muda. Lakini njoo mwezi huu kama ulivyosema, na mama amefurahi, ameshaanza kuwatangazia majirani. Safari hii nimemsikia nikacheka.

Jana tulikwenda mbali kidogo. Barabara ilikuwa tupu, jua la saa nne. Akaniambia, "Kaka, hili gari lina nguvu kumbe," akakanyaga. Nikasikia mgongo wangu unabanwa kwenye kiti. Miti ikaanza kwenda haraka. Mimi nimekaa pale kushoto, mbele yangu hakuna usukani wala breki, nikajikuta nimeshika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Nilitazama kwenye saa ya mwendo. Alikuwa anakwenda hamsini.

Nikamwambia, "Winfrida, punguza."

Akapunguza hapo hapo. Hakuuliza kwa nini.

Kaka yako,
Anatoli